Vidole Viwili vya Akiba

Fundi alikuwa na sheria moja ambayo hakuwahi kuivunja kwa mteja yeyote. Msichana wa miaka kumi na moja mpaka kumi na minne, ukishampima, unamwachia vidole viwili vya kitambaa ndani ya kila mshono wa ubavuni. Viwili kulia, viwili kushoto, unavikunja na kuvilaza huko ndani visionekane. Siku nguo ikibana, unafumua, unashona upya, mtoto anaendelea na maisha yake.

"Mwili wa umri huo haulali," aliwaambia akina mama waliouliza mbona gauni lina unene mbavuni. "Leo umenipimisha huyu, baada ya miezi mitatu unaniletea mwingine mwenye jina lilelile."

Hayo hakuyasoma popote. Shule aliishia darasa la saba. Aliyajua kwa futi ya kupimia aliyoivaa shingoni miaka ishirini na miwili, na kwa daftari la vipimo ambalo mtaa mzima ulikuwa umelala ndani yake. Mikono na miguu hutangulia, ndiyo maana utawaona wanagonga viwiko kwenye kila mlango. Kifua kinafuata, kisha nyonga. Na katikati ya hayo yote zinakuja hasira zisizo na mwenyewe, na machozi ya kijiko kilichoanguka.

Kwa hiyo lililompata binti yake lilimuuma mara mbili.

Binti alikuwa wa mwisho kuzaliwa, na nyumbani wakamwita Kitinda. Baba yake alifariki kabla mtoto hajaota meno, wakubwa wake wakaolewa mmoja mmoja, wakabaki wawili, wao na Mungu na cherehani. Alipofika miaka kumi na mitatu Kitinda alianza kubadilika kama wenzake: chunusi kwenye paji la uso, jasho lenye harufu ambayo hakuwa nayo mwaka jana, mabega yanayotafuta nafasi. Mara mbili alisema, "Mama, shati la shule linabana." Mara mbili Fundi alijibu bila kuinua mguu kwenye pedeli, "Ngoja nimalize hili la watu." Akiba ilikuwemo humo ndani ya shati, vidole viwili kulia, viwili kushoto. Kilichokosekana ni mtu wa kuifumua.

Jumanne moja, kwenye paredi ya asubuhi, mwalimu wa nidhamu alipita mstarini kukagua usafi. Wanafunzi walimwita Bi Rula kwa sababu ya rula ya mbao aliyotembea nayo kama kidole chake cha sita. Alipofika kwa Kitinda akasimama, akakunja pua.

"Inua mikono."

Kitinda akainua. Kwapani shati lilikuwa limelowa.

"Tazameni," Bi Rula akaiambia shule nzima, rula ikionyesha. "Mtoto wa fundi huyu. Sijui kwao maji yote anakunywa cherehani."

Watoto wakacheka. Asubuhi ile Kitinda alikuwa ameoga mara mbili.

"Juu zaidi. Nimesema juu."

Mikono ikapanda, na kifungo cha shati kikakatika, kikaruka, kikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Wa mstari wa nyuma kabisa walikisikia. Kufikia mapumziko Kitinda alikuwa na jina jipya: Kifungo. Kufikia saa tano alikuwa nyumbani, ameketi chini ya meza ya kukatia nguo, kanga ya mama yake imemfunika mpaka kichwani.

Fundi alikwenda shuleni siku iliyofuata. Bi Rula alimpokea akiwa anasahihisha madaftari na hakuacha kusahihisha.

"Mimi nafundisha usafi, Fundi. Wewe kamfundishe mwanao kuoga."

Mwalimu mkuu, mzee mpole asiyependa kelele, alimsindikiza mpaka getini. Alimwambia Fundi kwamba mtoto arudi darasani upesi, maana orodha ya mtihani wa mwisho ingefungwa siku ya wazazi, na asiyekuwemo ameukosa mwaka.

Kitinda hakurudi. Wiki ya kwanza Fundi alibembeleza, wiki ya pili alifoka, wiki ya tatu akanyamaza. Asubuhi alisali kama siku zote, ila alipofika mahali pa kuwaombea waliomkosea alikohoa na kuparuka.

*

Bi Rula aliingia dukani Jumamosi, mwenyewe, na kitambaa cha samawati kwapani. Mafundi wengine walikuwepo mtaani, lakini hakuna aliyejua kuikalisha kola kama Fundi. Isitoshe, mwalimu yule hakuwa na habari kwamba kuna mtu bado anamdai neno. Alikuja na binti yake, rika moja na Kitinda ila wa shule nyingine, mwembamba mpaka watoto wa mtaa wakamwita Njiti. Kwa sauti yake nzuri alikuwa ameombwa kuja kusoma risala kwenye shule ya mama yake, siku ya wazazi, mbele ya mgeni rasmi.

"Hujambo, Fundi? Nataka kitu cha heshima hapa. Kisiwe gunia. Nyinyi mafundi mna tabia ya kuwashonea watoto magunia."

"Sijambo, Mwalimu. Tutakikalisha mwilini."

"Hivyo ndivyo ninavyotaka. Na yule wako, uvivu umemwisha?"

Nyuma ya pazia, cherehani ya pili aliyokuwa akiizungusha Kitinda ilisimama.

"Yupo," alisema Fundi, na akatabasamu. "Njoo, mwanangu, nikupime."

Alipozungusha futi kifuani, Njiti alishtuka na kuuma mdomo, kama mtu aliyeguswa kidonda. Fundi alilegeza futi. Aliangalia mikono ya sweta iliyokomea juu ya vifundo. Aliangalia viatu vilivyokanyagwa visigino kwa sababu miguu haiingii tena. Aliangalia vipele vidogo puani, vya juzi tu. Akapiga hesabu kichwani. Wiki tano mpaka siku ya wazazi. Huyu ametulia miaka miwili kama mti wa kiangazi, sasa anaanza, na wa namna hii wakianza wanakuja mbio.

Akaandika vipimo.

Alipobaki peke yake alitandaza kitambaa mezani, akachora kwa chaki, kisha akaushika mkasi na kuufuata mstari wa chaki palepale, bila kidole kimoja cha ziada. Mabaki aliyakatakata vipande vya kufutia mafuta ya cherehani, hata mtu akitaka kuongezea asipate pa kushika. Aliliona lote kama limeshatokea: mtoto wa samawati jukwaani, anapiga goti, ananyoosha mikono miwili kumkabidhi mgeni rasmi karatasi, na mgongo unaachia kutoka kola mpaka kiunoni. Shule nzima inacheka. Na Bi Rula amekaa safu ya mbele, hana rula ya kuizuia sauti ile.

Mungu amsamehe, chakula cha mchana siku ile kilimshuka vizuri kuliko siku nyingi.

Kitinda ndiye aliyepewa kushona pindo kwa mkono. Alikaa na gauni mapajani, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa ubavu, juu mpaka chini. Akapitisha tena.

"Mama, umesahau akiba."

"Sijasahau."

Kitinda aliinua macho. Kisha msichana akacheka, kicheko kidogo cha puani, cha kwanza tangu Jumanne ile.

"Nitakwenda siku ya wazazi," alisema. "Nitakaa mbele."

Fundi alifurahi. Kisha akatazama namna mtoto wake alivyokuwa akilipiga pindo lile sindano, taratibu, kwa raha, na furaha ikamkwama mahali fulani kama mwiba wa samaki. Aliinama akaendelea na kazi.

*

Siku kumi kabla ya sherehe, mchana wa jua kali, Njiti alikuja peke yake na gauni kwenye mfuko.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Hajui kama nimekuja."

Alisimama mlangoni, uzito mguu huu, uzito mguu ule. Fundi alimjua mtu aliyekuja kwa jambo lisilo la nguo, maana nusu ya wateja wake wa kike walikuwa wa namna hiyo. Akavuta pazia la mlango, akamkalisha kwenye kigoda.

"Gauni halifungi?"

"Linafunga nikijifunga." Njiti aliinua kidogo ukingo wa blauzi ubavuni. Bendeji, ile nyeupe ya kufungia mguu ulioteguka, ilikuwa imemzunguka mara nyingi, imebana, na juu yake ngozi ilikuwa na mfereji mwekundu. "Nina ugonjwa, Fundi. Nimeota jiwe kifuani. Upande mmoja tu. Linauma. Upande wa pili hamna kitu." Sauti ilianza kumkatika. "Nitakufa kabla ya risala?"

"Umemwambia mama yako?"

"Yeye anasema mwili wa msichana mwenye nidhamu haumsumbui. Nikasikia aibu. Hata kula nimepunguza, labda lirudi."

Fundi aliishusha blauzi ile taratibu. Hapa ndipo alipokuwa na kazi rahisi kuliko zote alizowahi kupewa: kusema pole, kumrudisha nyumbani, kungoja siku kumi. Wala asingehitaji kusema uongo.

Pazia la ndani likasogea. Kitinda akatoka, mikono nyuma, akamtazama mtoto wa Bi Rula kuanzia visigino mpaka nywele.

"Livae gauni," alisema.

Njiti alimtazama Fundi, Fundi hakusema ndiyo wala hapana. Akaenda nyuma ya pazia, akarudi amelivaa, amenyooka kama bango.

"Inua mikono," alisema Kitinda.

Ilikuwa sauti ya Bi Rula ileile. Njiti akainua. Uzi ukalia kwapani, trrr, kama panya ndani ya dari.

"Juu zaidi."

Njiti alijaribu. Machozi yalikuwa yanamtiririka, mikono iko juu, haishuki, kwa sababu alikuwa mtoto aliyezoea kutii. Kwapani alikuwa amelowa. Na harufu ilikuwa ileile, ya kila msichana wa umri ule, hata akioga mara tatu.

Kitinda alifungua mdomo. Maneno aliyoyaweka wiki zote hizo hayakutoka. Badala yake alisema kwa hasira, kana kwamba Njiti ndiye mwenye makosa, "Shusha basi. Shusha mikono, nani kakwambia ukae hivyo." Akaanza kumfungua zipu.

"Fungua na hiyo bendeji," alisema Fundi. "Jifunike kanga, kisha mkae wote wawili."

Wakakaa.

"Huna ugonjwa. Wasichana niliowapima siwezi kuwahesabu, na wengi walianza upande mmoja. Mmoja unatangulia, mwenzake anakuja nyuma, baada ya miezi wanaonana. Na kuuma ni lazima kuume, kitu kinajijenga. Nesi mmoja niliyemshonea aliniambia kuna vitu vinaitwa homoni. Ni kama matarishi. Mwili ukifika wakati wake unawatuma wapite kwenye damu, wabishe hodi kila chumba. Chumba hiki wanaamsha jasho, kile wanaamsha mafuta ya uso, kile mifupa, kile damu ya mwezi. Hata kwenye hasira wanabisha. Hawaji vyumba vyote siku moja, na hawaangalii baba yako ni nani. Ukiona homa, au ngozi imekuwa nyekundu ya moto, hapo uende zahanati. Lakini usijifunge tena, na ule chakula."

"Kumbe na chunusi?" aliuliza Njiti.

"Na chunusi."

"Na kulia bila sababu?"

"Hiyo tena ndiyo hodi ya kwanza."

Njiti akapumua, kwa mara ya kwanza mpaka chini. Kitinda hakupumua. Alikuwa anamtazama mama yake.

"Mimi hukuniambia," alisema.

Mtaa mzima Fundi aliwapima na kuwapa maneno ya faraja, wa kwake akamwambia angoje amalize la watu. Aliinuka, akalichukua gauni, akaliweka begani.

"Mwanangu," alimwambia Njiti, "kamwambie mama yako Fundi anamwita. Mwambie nguo haivaliki. Lililobaki nitamwambia mwenyewe."

*

Bi Rula alifika saa kumi, viatu vinasikika tangu kona.

"Siku kumi zimebaki, Fundi. Siku kumi, unaniambia nguo haivaliki? Ulipima nini?"

"Nilipima sawasawa. Keti, Mwalimu."

"Siketi."

"Basi simama. Nguo hii nimeikata bila akiba. Makusudi. Nilitaka ipasuke jukwaani, mwanao amesimama, watu wanaangalia."

Bi Rula hakuja na rula yake, mkono ukabaki unatafuta kitu cha kushika.

"Wewe mwanamke wa sala," alisema mwishowe.

"Mimi ndiye. Na kwa hilo nitajibu kwa Mungu, wala si kwako."

"Nitamwambia kila mtu. Mtaa huu hautakuletea hata kitambaa cha vumbi."

"Waambie. Sema Fundi alitaka kumwaibisha mtoto wangu kwa sababu ya kifungo kimoja. Watakuja kuniuliza, kifungo gani hicho? Nitawajibu taratibu, mmoja mmoja, huku nawapima."

"Mtoto wako alikuwa ananuka. Nilisema ukweli."

"Na wako ananuka. Leo alikaa hapo kwenye kigoda, ananuka kama wangu, kwa sababu mwili wake ni mzima kama wa wangu." Fundi aliichukua bendeji mezani, akaiweka mbele yake, imeviringishwa. "Hii ulikuwa unaitafuta? Ameifunga kifuani wiki mbili. Ana michirizi mbavuni. Alidhani anakufa, Mwalimu, na hakuja kwako. Una rula, una chaki, una cheti ukutani. Mtoto wako ameota kitu cha kumtisha, akavuka barabara mbili kuja kumuuliza mwanamke uliyemtukana."

Fundi alilisema lile la mwisho polepole ili liingie. Liliingia. Bi Rula aliketi bila kuambiwa, akaishika bendeji ile, na uso wake ukalegea kama kola iliyotolewa kitambaa kigumu ndani. Huruma ilimbishia Fundi hodi. Hakufungua.

"Niletee nusu mita ya kitambaa kilekile," alisema. "Nitaliongeza mbavuni, hakuna atakayejua. Ila sitaishika sindano mpaka Jumatatu usimame kwenye paredi, palepale, useme ulichopaswa kusema."

"Mbele ya wanafunzi? Unataka wanidharau?"

"Wangu walimdharau."

"Nitakwenda kwa fundi mwingine."

"Nenda. Atalifumua, ataona lilivyokatwa, atakuuliza ulimfanya nini aliyelikata. Mafundi tunasoma mishono."

*

Jumatatu Fundi alisimama nje ya uzio wa shule, jua la asubuhi machoni. Kitinda alikuwa mstarini, shati limefumuliwa na kushonwa upya, limemkaa. Alikuja kwa masharti: Bi Rula asiposema, anageuka hapohapo.

Bi Rula alipanda ngazi. Alianza na vumbi la madarasa. Akaja kwenye kuchelewa. Fundi alimkazia macho kupitia waya wa uzio, na Bi Rula, kama aliyevutwa na uzi, akageuka akamwona.

"Kuna jambo," alisema Bi Rula, akarekebisha kola yake. Akaanza tena. "Wiki kadhaa zilizopita nilimsimamisha mwanafunzi hapa. Nikasema hajaoga. Alikuwa ameoga. Mwili wa mtu wa umri wenu unatoa jasho na chunusi na mengine, ni kazi yake, si uchafu. Hilo nililijua nikiwa na umri wenu, nikajifanya nimelisahau. Nilikosea mimi. Atakayemwita lile jina, ataniona."

Mtu mmoja nyuma alicheka, na kicheko kilikuwa cha kumcheka mwalimu. Bi Rula akakipokea hadharani, masikio yakimwiva. Fundi alilitafuna kila neno. Lilikuwa tamu, na hakuona sababu ya kumdanganya Mungu kwamba halikuwa.

Paredi ilipovunjika, Bi Rula alikuja mpaka kwenye uzio.

"Tumemalizana?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi na wewe, ndiyo. Kitambaa umenunua?"

"Nimenunua."

Kitinda alikuwa amesimama nyuma yake na begi mgongoni, akisikia. Bi Rula aligeuka, akamnyooshea mkono. Kitinda aliutazama ule mkono, kidole kwa kidole, kama anaupima.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, adabu imekamilika. Mkono hakuupokea. "Mama amemalizana nawe. Mimi bado."

Akapita, akaingia darasani, akaenda kukaa dawati la mbele kabisa, lile linalotazamana na meza ya mwalimu. Akatoa daftari na kalamu, akakaza macho mbele, akamsubiri Bi Rula aingie kufundisha.